Bonyeza Moja

Kila siku baada ya masomo, Mapenzi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia zahanati ya kijiji chao cha Gazi, ambako mama yake, Rispah Ngala, alikuwa muuguzi wa pekee. Alifagia ukumbi, akajaza maji kwenye mtungi wa kunawia mikono, akapanga kadi za kliniki ya watoto. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuipangusa simu vumbi, na kazi hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Mwaka huo wa 1998, simu za mkononi zilikuwa chache mno kusini mwa Pwani. Walikuwa nazo mameneja wa hoteli za Diani na matajiri wawili watatu. Simu ya zahanati ilikuwa zawadi ya wahisani, nayo ilikuwa na kazi moja tu: kuita gari la wagonjwa kutoka Msambweni. Ilikuwa nene na nzito, na ilikaa dirishani kwa sababu hapo tu ndipo ilipopata mawimbi. Bili yake ililipwa na kamati ya kijiji, kwa mchango wa kila nyumba.

Ijumaa moja ya mwezi wa Septemba, mama alitoka kwenda kumtazama mzee aliyekuwa hawezi. Mapenzi alibaki peke yake. Mkobani alikuwa na gazeti la picha aliloazimwa na rafiki yake Beryl, ambaye baba yake alikuwa karani wa hesabu katika hoteli moja ya Diani. Katika ukurasa wa nyuma kulikuwa na picha ya baiskeli nyekundu, na chini yake namba ndefu ya simu. Piga sasa, ushinde.

Mapenzi alitazama mlangoni. Akatazama simu. Alijiambia kwamba dakika moja haitamdhuru mtu.

Sauti ya mwanamke ilijibu kwa Kiingereza cha haraka, na muziki ukipigwa nyuma yake. Mapenzi alielewa nusu tu ya maneno. Alimsikia akisema hongera, kisha akataja kampuni, kisha akasema maneno mengi mfululizo, na mwishowe: kama unakubali, bonyeza moja.

Mapenzi akabonyeza moja.

"Asante," ilisema ile sauti. "Sasa tutakuwa tunakupigia sisi."

Jumatatu, saa kumi alasiri, simu ililia. Mapenzi aliiinua haraka, akidhani ni Msambweni. Ulikuwa muziki uleule na mwanamke yuleyule. Aliirudisha chini kama aliyeshika kaa la moto. Jumanne ililia saa ileile. Jumatano mama ndiye aliyeipokea; alisikiliza kidogo akakunja uso.

"Nani hawa wapigao ngoma kwenye simu?" aliuliza. "Labda wamekosea namba."

Mapenzi aliinama akaendelea kufagia mahali alipokwisha kupafagia. Tangu siku hiyo alianza kuogopa saa kumi. Wakati mwingine aliiacha simu ilie mpaka ichoke, lakini alikumbuka kwamba huenda ni hospitali, akaipokea. Kila alipoipokea, sauti ilikuwa pale, ikimngojea. Ilimjua kwa namba. Haikuchoka.

Katikati ya Oktoba, Bwana Tsuma, mweka hazina wa kamati, aliingia zahanati na bahasha mkononi. Hakukaa.

"Muuguzi, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Tsuma. Karibu kiti."

"Kiti sikitaki. Mwezi uliopita bili ilikuwa shilingi mia sita. Mwezi huu ni elfu kumi na nne. Nieleze."

Mama alipokea karatasi. Mapenzi, aliyekuwa akipanga kadi kwenye benchi, alimwona akiisoma mara mbili.

"Hapa pameandikwa huduma za kampuni nyingine," mama alisema. "Siijui kampuni hii. Wallahi sijapiga simu isipokuwa ya gari."

"Na simu inakaa kwako, muuguzi. Haikai kwangu." Bwana Tsuma alishusha sauti. "Watu wanasema mengi. Wanasema unapiga simu ng'ambo kwa pesa za mchango wao. Mimi sisemi. Lakini kampuni ya simu imetupa siku saba, kisha inakata laini. Na kamati haina hizo elfu kumi na nne."

Alipoondoka, mama aliikunja ile bili. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Mapenzi, umewahi kumwona mtu akiigusa simu hii?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mapenzi alizishika kadi za kliniki, akaanza kuzipanga upya.

"Hapana, mama," alisema.

Siku saba zilipita upesi. Kisimani wanawake waliacha kuzungumza mama alipofika. Mmoja alimwondoa mtoto wake kliniki, akampeleka kupimwa kwingine. Mapenzi hakulala vizuri, na darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie. Alhamisi saa kumi simu haikulia. Alipoiinua, hapakuwa na muziki wala sauti. Laini ilikuwa imekatwa.

Kesho yake shule zilifungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Kabla ya adhuhuri, Mejumaa, mke wa mvuvi wa jirani, aliletwa zahanati akishikiliwa na dada zake wawili. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mama alikuwa amemwonya mapema kwamba huyu wa pili ni lazima azaliwe hospitali. Uchungu ulikuwa umemwanza majuma mawili kabla ya siku zake.

Mama alimpima, akatoka nje na jasho usoni. Alisahau, akaiendea simu dirishani. Aliibonyeza mara tatu. Kisha akaiweka chini polepole.

"Mapenzi," alisema, "kimbia barabara kuu. Gari lolote. Lolote, mwanangu!"

Mapenzi alikimbia bila viatu. Njia ya kokoto ilimchoma nyayo, lakini alichosikia ni kilio cha Mejumaa tu, hata alipokuwa mbali ambako hakingeweza kusikika. Barabara ya lami ilikuwa tupu pande zote mbili. Alisimama katikati yake, akangoja. Lori moja lilimpita likipiga honi. Alihisi muda mrefu mno umepita, kisha ikatokea pikapu ya kuchukulia samaki wa hoteli ya Chale. Alinyoosha mikono yote miwili na hakusogea mpaka iliposimama.

"Wewe mtoto unataka kufa?" alifoka dereva.

"Kuna mama anajifungua! Hatuna simu!"

Dereva, kijana wa bara aliyeitwa Austine, hakuuliza la pili. Waliyashusha masanduku ya barafu pale zahanati, wakamlaza Mejumaa juu ya godoro nyuma ya pikapu. Mama alipanda akamshika mkono. Mapenzi alipanda pia.

Huko Msambweni, Mejumaa aliingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mama na Mapenzi walikaa kwenye benchi la ukumbini. Saa nzima ilipita, mlango haujafunguliwa. Damu ilikuwa imekauka kwenye sketi ya mama.

"Mama," Mapenzi alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Ni mimi."

Alisimulia yote: gazeti, baiskeli, namba, kubonyeza moja, na ile sauti ya kila siku. Hakulia mpaka alipofika mwisho. Mama alimsikiliza akiutazama mlango. Hakumpiga. Hakumkemea. Hilo lilimwogopesha Mapenzi zaidi ya kofi.

"Nilikuuliza," mama alisema hatimaye. "Nilikuuliza, ukanijibu hapana."

Mlango ulifunguliwa. Daktari alisema Mejumaa na mtoto wake wa kike wako hai, lakini Mejumaa amepoteza damu nyingi, na lau wangechelewa kidogo angesema maneno mengine.

Jumapili mama alimpeleka Mapenzi kwa baba yake Beryl, huko Bongwe. Mapenzi alimwamkia, "Shikamoo, Baba Beryl," akasimulia tena. Karani huyo, Bwana Gedion, alivaa miwani, akaitandaza bili mezani, akapitisha kalamu mstari kwa mstari.

"Hebu niambie, ulipiga wewe mara ngapi?"

"Mara moja tu, baba. Ile Ijumaa. Nyingine zote walipiga wao."

"Basi tazama hapa. Simu yako ni shilingi mia nne. Ukiacha simu za gari, iliyobaki yote ni ada ya uanachama, na ada ya kila mara simu ilipopokelewa. Hoteli yetu ilifanyiwa hivihivi mwaka jana. Hii ni kampuni nyingine kabisa, inapenyeza madai yake ndani ya bili ya simu, ikijua wengi watalipa bila kusoma." Alivua miwani. "Ungenyamaza, tusingekuwa na la kuwaandikia. Sasa tunajua siku, saa, na kwamba aliyebonyeza ni mtoto asiyeelewa alichoulizwa. Kwa hilo tunaweza kugombana nao."

Waliiandikia kampuni ya simu barua siku hiyohiyo. Waliomba madai ya kampuni ile yaondolewe, na namba za namna hiyo zifungwe zisipite tena katika simu ya zahanati. Lakini kabla ya barua kutumwa, Mapenzi alisimama mbele ya kamati nzima akasema alichofanya. Bwana Tsuma alisimama, akamgeukia mama mbele ya watu wote.

"Muuguzi, nilikutia doa bila ushahidi. Niwie radhi."

Majuma matatu yalipita bila simu. Kisha jibu likaja: madai yote yameondolewa, isipokuwa ile simu moja ya kwanza. Laini ikafunguliwa. Mia nne zile Mapenzi alizilipa mwenyewe, kwa kuuza nazi na ndimu kila Jumamosi hadi Desemba.

Siku alipozikabidhi, mama aliziweka mezani akamketisha karibu naye.

"Usikubali jambo usilolielewa," alimwambia, "hata ukiambiwa hongera. Uliza kwanza. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Siku ya kwanza, kosa lako lilikuwa la shilingi mia nne. Ulipolificha, lilifika mpaka kitandani kwa Mejumaa."

"Nimekoma, mama."

"Najua. Sasa nenda kwa Mejumaa, ukamwombe radhi. Hilo siwezi kukufanyia mimi."

Mapenzi alivaa viatu. Mlangoni kwa Mejumaa alisita kidogo, mkono ukiwa hewani. Kisha akabisha hodi.