Jembe la Harusi Lilivyoishia Kitale

Mimi ni nyanya wa wajukuu wengi, na nafikiri miaka yangu imepita sitini. Shule nilionja tu, nikatolewa kulea wadogo zangu. Kwa hivyo nikikosea kuandika, nisameheni... lakini kwa haya ninayowaambia sikosei hata kidogo!

Mume wangu Wekesa alikuwa mhunzi, hapa kwetu karibu na Mabanga. Jembe lake lilikuwa zito, lenye shingo nene. Likiisha makali, mwenyewe analirudisha, Wekesa analitia motoni, anaongeza chuma, linatoka kama jipya. Msichana wa kwetu alipoolewa, alienda na jembe la Wekesa begani. Bila hilo, wakwe wangesema ameletwa mikono mitupu. La dada yake Nanjala, wifi yangu, alilifua huku anaimba.

Kisha duka kubwa likafunguliwa Kitale, na lori lake likawa linakuja soko la Bungoma. Majembe ya ng'ambo, mepesi, yanang'aa, bei nusu ya yetu! Tena mwenye duka alikuwa mjanja. Ukileta jembe lako la zamani, anakupunguzia zaidi.

Wanawake walinicheka sokoni. "Mama Wanjala, ati bei yenu haishuki? Ama mume wako anakaanga hayo majembe na siagi?"

Nilivumilia. Lakini siku moja nikamwona Nanjala amesimama kwenye foleni ya lori... begani ana jembe la harusi yake!

Nikamshika mkono. "Wifi, hata hilo?"

"Niache bana! Si kaka yangu atanifulia lingine? Yeye ndiye mwenye moto."

Akalirusha juu ya lundo. Mlio wa chuma kile uliniingia mgongoni kama maji baridi. Lori likaondoka na chuma cha kijiji kizima, na hakuna aliyeuliza kinapelekwa wapi.

Wekesa aliniuliza kitu kimoja tu. "Na la Nanjala pia?" Nikamwambia ndiyo. Akaacha moto uzimike wenyewe.

Watoto walihitaji kula, kwa hivyo akaenda Kitale kutafuta kibarua kwa mzungu. Nilimsihi asiende. Kuna kitu kilikuwa kinanikataza rohoni, lakini ningemlisha nini? Mhunzi mzima, ati akawekwa kwenye mashine ya kupura ngano! Mkanda wa mashine ukamkamata mkono wa kulia...

Alirudi nyumbani na mkono wa shati umening'inia mtupu.

Halafu vita vya wazungu vikaja. Meli zikaacha kuleta majembe, lori likaacha kuja. Yale mepesi yakavunjika shingoni, moja baada ya jingine. Mvua ilinyesha vizuri, ndiyo, lakini magugu yakapanda hadi kiunoni. Wanawake walewale walionicheka, sasa wanapalilia kwa vijiti! Mnafikiri nilifurahi? Na mimi nilikuwa nakula mahindi gani, kama si ya mashamba hayohayo?

Asubuhi moja Nanjala alifika na kipande cha jembe. Mgongoni alibeba mtoto aliyeishiwa na njaa, asiye na nguvu hata ya kulia.

"Kaka, washa moto. Nifulie hata kadogo, tafadhali."

Wekesa hakukasirika, na hilo ndilo liliniogopesha. Akainua ule mkono wa shati mtupu.

"Dada, chuma iko Kitale. Mkono pia niliacha Kitale. Sasa nikufulie na nini?"

Nanjala alianguka chini, akalia kama msibani. Na msiba ulikuja kweli... mtoto yule hakufika mavuno.

Wekesa alikufa baada ya vita, na hakuna kijana aliyekuwa amejifunza kazi yake. Nani angejifunza mbele ya moto uliozimika? Nyundo yake ninayo hapa, naiegemeza mlangoni upepo usiufunge.

Juzi niliona lori lingine sokoni, safari hii limejaa viatu vya bei ya chini. Fundi wetu wa viatu amekaa pale ng'ambo ya barabara, sindano mkononi, anatazama tu. Na kwenye foleni nani? Mjukuu wangu! Nilimtoa kwa sikio, watu wakacheka. Wacheke! Kicheko hicho nakijua.

Msomaji wangu, kabla hujanunua kitu kwa sababu ni rahisi, jiulize: kikivunjika, nitaenda kubisha mlango wa nani? Kama huujui huo mlango... nakuomba, kirudishe na uende zako.