Gauni Lililotoka Bila Kuaga

Kila siku baada ya masomo Kungu alipitia duka la udobi la mama yake mdogo, akavua viatu mlangoni na kupita katikati ya nguo. Nguo hizo zilining'inia kwenye kamba ndefu iliyotoka kaunta hadi ukuta wa nyuma: mashati, magauni, makoti na suruali za watu asiowajua. Mvuke wa pasi ulipanda ukatanda darini, na nguo zikayumba taratibu kama watu waliolala wamesimama. Kungu alipenda kupita hapo polepole, mikono ya mashati ikimgusa mashavu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la Kungu alipewa na bibi yake, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuja na kuondoka bila kishindo kama ukungu, na kwa sababu mara nyingi ungemsemesha ukakuta hayupo, ingawa amesimama mbele yako.

Nyuma, penye meza ya kupigia pasi, alikuwapo Mjomba Pasi. Hakuwa mjomba wa damu, lakini alikuwa amefanya kazi pale tangu Kungu akiwa mtoto wa kubebwa. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mikono myepesi na kichwa kisichoshika kitu. Aliweza kunyoosha kola ya shati hadi ikasimama yenyewe, kisha akasahau shati lenyewe ameliweka wapi. Wakati fulani aliisahau suti ya bwana harusi chini ya rundo la mapazia, na bwana harusi akaenda kuoa na koti la kuazima. Mama mdogo hakupiga kelele siku hiyo. Alimwambia tu kwamba likitokea jingine la namna hiyo, wataagana. Mjomba Pasi alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Tangu hapo alipunguza mizaha kidogo, ila hakuiacha.

Ni kwa ajili ya suti ile Kungu alipata wazo la kompyuta.

Zamani nguo zilikaa kwa jinsi zilivyoingia dukani. Ya kuchukuliwa wiki ijayo ilikuwa mbele, na ya kuchukuliwa leo ilikuwa chini ya kapu. Kila asubuhi Mama mdogo alipekua makapu yote na kutembea kamba nzima akisoma vitambaa vidogo vilivyobanwa kwenye nguo, ili ajue ipi ianze kufuliwa na ipi ipigwe pasi. Mara nyingi alifika mwisho amesahau alichokisoma mwanzo.

Shuleni kwa akina Kungu kulikuwa na klabu ya kompyuta. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha namna ya kuhifadhi vitu kwa ufunguo. Aliwaambia wafikirie kamusi. Neno ni ufunguo, na maana yake ndiyo iliyofungiwa nyuma ya ufunguo huo. Maneno yamejipanga kwa alfabeti, kwa hiyo hakuna anayesoma kamusi nzima kwa kutafuta neno moja. Uzuri wa kompyuta, alisema, ni kwamba kamusi yake hujipanga yenyewe. Ukiingiza neno jipya leo, litakwenda kukaa mahali pake, kati ya linalolitangulia na linalolifuata. Kisha mwalimu akasema, "Lakini mkirudia ufunguo uleule..." Wakati huo wingu jembamba lilikuwa likipita dirishani, na Kungu akalifuata kwa macho mpaka likaisha. Aliporudi, wenzake walikuwa wanafunga mikoba.

Wakati wa likizo mwalimu alimwazima kompyuta ya zamani, nayo ikawekwa kaunta. Kwanza Kungu aliandika kiolezo cha nguo: kila nguo ina mwenyewe, ina rangi, ina saa ya kuchukuliwa. Kutokana na kiolezo hicho, kila nguo iliyoingia dukani ilipata pacha wake ndani ya mashine. Kisha akawapanga mapacha hao kwa ufunguo, na ufunguo aliouchagua ni siku na saa ya kuchukuliwa. Basi Mama mdogo akiuliza, "Ipi ya kwanza?" mashine ilijibu papo hapo. Akiuliza inayofuata baada ya saa sita mchana, mashine ilijibu hilo pia, bila kupekua kamba wala kapu.

Duka likatulia. Shule zilipofunguliwa kompyuta ilibaki kaunta, na Mjomba Pasi akawa anaandika nguo za asubuhi. Mama mdogo alianza kunywa chai yake ikiwa bado ya moto. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Programu hii kaiandika mwanangu huyu," na Kungu akajificha nyuma ya makoti huku akitabasamu. Mjomba Pasi alisema hatimaye duka limepata mtu mwenye kumbukumbu, kilichobaki ni kumfundisha kupiga pasi.

Jumatano moja alasiri alikuja mkunga kijana, aliyemaliza masomo yake, akaleta gauni jeupe ndani ya mfuko wa karatasi. Jumamosi saa nne angekula kiapo pamoja na wenzake, kwa hiyo angelipitia saa tatu asubuhi. Alimwonyesha Kungu mifuko ya gauni, mirefu kupita kawaida, akasema mama yake ndiye aliyeishona kwa mkono, kwa sababu mkunga hapaswi kutafuta mkasi wakati mtoto anakuja. Kungu aliandika kila kitu kwenye kompyuta, akauweka mfuko kapuni.

Ijumaa alasiri kulikuwa na mvua ya manyunyu. Mkunga alikuwa akipita, akaingia kujikinga na kuuliza kama gauni limekwisha kuwa tayari. Mama mdogo alitazama kambani. Halikuwapo. Wakapekua makapu, na chini kabisa ya kapu la mwisho wakakuta mfuko wa karatasi, na gauni ndani yake, limekunjamana, halijagusa maji.

Mama mdogo akaiuliza kompyuta. Kwa Jumamosi saa tatu asubuhi ilimtaja mtu mmoja tu: mwenye gereji, koti la kijivu.

Akamgeukia Mjomba Pasi, ambaye ndiye aliyepokea nguo kila asubuhi Kungu akiwa shuleni. "Kaka, hili gauni hukuliandika?"

Mjomba Pasi alisimama na pasi mkononi. "Nikisema niliandika, nitakuwa nasema nisichokijua," alijibu. "Kichwa changu unakijua, dada."

"Nakijua. Na nilichokuambia siku ya suti unakikumbuka?"

"Hicho nakikumbuka."

Mama mdogo alimwomba radhi mkunga na kumwahidi kwamba kesho saa tatu atalikuta gauni lake safi. Mkunga aliitazama mvua, akalitazama gauni, akaenda zake. Mama mdogo akalitia gauni kwenye beseni kwa mikono yake mwenyewe. Alimwambia Mjomba Pasi amalize nguo za leo, kisha wakati wa kufunga duka wazungumze.

Kungu alikuwa amesimama kati ya makoti mawili, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alikumbuka mfuko wa karatasi. Alikumbuka ile mifuko mirefu. Alikumbuka hata vidole vyake vikigonga kibodi. Lakini kama aliliandika, limekwenda wapi? Labda alifikiri ameandika, kumbe alikuwa akiota macho wazi, kama kawaida yake. Akaichukua kompyuta, akakaa juu ya rundo la mashuka penye joto la pasi. Mvua iligonga mabati polepole. Mvuke ulishuka mpaka ukamfikia machoni, na usingizi ukamchukua.

Aliota mtaa mrefu. Nyumba zilipangwa kwa mstari mmoja, kila nyumba na mlango mmoja, na juu ya kila mlango imeandikwa saa. Baada ya saa mbili ilikuja saa tatu, baada ya saa tatu saa nne, hadi mtaa ukapotelea kwenye ukungu. Nguo zilikuwa zikitembea mtaani bila watu ndani yake, kila moja ikitafuta mlango wake, nazo zilipishana kwa adabu. Gauni jeupe lilifika penye Jumamosi saa tatu. Likaingia. Ndani mlikuwa na kiti kimoja tu, nalo likakaa.

Kisha likaja koti la kijivu. Likabisha hodi kwenye mlango uleule.

Gauni halikubisha wala halikulalamika. Liliinuka, likaliachia koti kiti, likatoka na kuufunga mlango nyuma yake, kisha likaenda mvuani bila kuaga. Katika dirisha fulani la juu, mwalimu alikuwa akimalizia sentensi yake: "...mkirudia ufunguo uleule, cha kwanza kitatolewa, cha pili kitakaa, na mashine haitawaambia neno."

Kungu alifumbua macho. Aliandika nguo ya uongo kwenye kompyuta, shati la buluu la Jumatatu saa moja. Akaongeza nyingine, suruali ya kijani, siku ileile na saa ileile. Kisha akauliza ni nini kilichopo Jumatatu saa moja. Suruali ya kijani, mashine ikajibu. Shati halikuwapo tena, wala hapakuwa na alama yoyote kwamba liliwahi kuwapo.

Nyuma ya mvuke alimwona Mjomba Pasi akikunja mashati ya mwisho, bila kupiga mluzi wake wa kila siku. Hakuna ambaye angejua. Mashine haikubakiza kitu, na Mjomba mwenyewe alikuwa ameshakubali, kwa sababu amezoea kuwa ndiye aliyesahau. Na kesho Mama mdogo angemwambia mteja mwingine, "Programu hii kaiandika mwanangu huyu." Kungu aliyapenda sana maneno hayo. Alijaribu kuyasikia tena moyoni, lakini safari hii hayakumpendeza.

Duka lilipokaribia kufungwa, Mjomba Pasi alikwenda mbele ya kaunta na kuanza kufungua kamba za aproni yake kabla hajaambiwa lolote. Kungu alipita katikati ya nguo, akaiweka kompyuta mbele yao.

"Mama mdogo, si Mjomba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aanze upya. "Gauni nililipokea mimi, na nililiandika. Koti lilipoandikwa kwa saa ileile, programu yangu ikalifuta gauni. Mwalimu alitueleza jambo hilo, mimi sikusikiliza."

Akawaonyesha shati la buluu na suruali ya kijani. Mama mdogo alitazama mara ya kwanza, akamwambia arudie, akatazama tena.

"Kwa hiyo safari hii sikusahau?" Mjomba Pasi aliuliza.

"Hukusahau, Mjomba."

Mjomba Pasi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mke wangu hataamini," alisema, akaanza kucheka polepole mpaka machozi yakamlenga.

Mama mdogo hakucheka. Alizunguka kaunta, akamwinua na kumfunga tena aproni yake. Alimwambia kwamba alimhukumu kabla ya kuuliza vizuri, na kwamba amsamehe. Kisha akasema kuna gauni linasubiri pasi, nalo halitakauka kwa mvua hii wasipolikausha wao.

Wakati Mjomba Pasi akilikausha gauni jeupe kwa pasi, kipande kwa kipande, Kungu aliirekebisha programu. Ndani ya kila nyumba ya mtaa ule wa ndotoni aliondoa kiti kimoja, akaweka benchi refu. Sasa mashine, kabla ya kumpokea mgeni, ilitazama kwanza kama mlango huo una mwenyeji. Kama yupo, mgeni alikaa ubavuni mwake na hakuna aliyetolewa. Alipomaliza hakuridhika. Alimwomba Mjomba amtajie nguo za kujaribia, zote za siku ileile na saa ileile. Mjomba Pasi akataja soksi za tembo, koti la jogoo na suruali ya nyoka. Kungu aliziandika zote kwa makini, na alipouliza, zote zilikuwapo, zimekaa kwenye benchi moja. Mwisho alilirudisha gauni jeupe mahali pake, kando ya koti la kijivu.

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika. Mkunga alifika saa tatu, akalikuta gauni kwenye henga mlangoni, jeupe kama ukurasa ambao haujaandikwa. Aliingiza mikono kwenye mifuko, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kungu alimwomba radhi mwenyewe na kumweleza yote. Mkunga alisikiliza hadi mwisho.

"Masomo yetu ya ukunga yalianza kwa methali moja," alisema. "Mficha uchi hazai. Wewe hukuficha kosa lako, basi nami nimepata la kuvaa." Akaenda zake, na mwenye gereji akampisha mlangoni, akija kuchukua koti lake.

Duka lilipobaki tupu Mama mdogo alimwita Kungu akae karibu naye, wakagawana chai.

"Kukosea hakukunitisha, mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe jana nilikosea, na sina programu ya kuisingizia. Kilichonitisha ni kosa lisilopiga kelele. Suti ya bwana harusi ilipiga kelele, kila mtu aliisikia. Gauni hili lilitoka kimyakimya, na kidogo tu limchukue mtu asiye na hatia. Mashine ilinyamaza kwa sababu haina mdomo. Wewe unao, na umeutumia. Siku nyingine utumie mapema zaidi kumuuliza mwalimu, na utumie masikio kabla ya mdomo."

Kungu alikubali kwa kichwa. Jumatatu shuleni mawingu yalipita dirishani kama kawaida, naye aliyatazama, ila baada ya mwalimu kufika mwisho wa sentensi.