Nguo Isiyofuliwa

Waliokuwapo katika stoo ya nguo adhuhuri ile ni hawa: Mama Mkuu, mtawa aliyeongoza nyumba ya watoto tangu waliomtangulia walipozikwa, mpishi, ambaye hata padre alimwita Bibi Chumvi, seremala wa parokia, aliyekuwa ameng'oa bawaba za dirisha ili aweke mpya, na mtoto mchanga, aliyeachwa langoni Jumapili.

Nyumba hiyo ilianza mwaka wa njaa, akina mama walipoacha watoto langoni kwa kukosa cha kuwapa. Mavuno yalipofika, wengine waliwarudia. Ndipo watawa wa kwanza wakaweka kanuni: nguo aliyofungiwa mtoto isifuliwe, na atakayeieleza bila kuonyeshwa akabidhiwe mtoto. Familia nyingi ziliungana hivyo. Kanuni haikuwahi kuvunjwa.

Nguo ya mchanga huyu ilinuka udi, wala si ubani wa kanisani. Sasa harufu ilijaa stoo nzima.

"Seremala, umejipaka nini?" Bibi Chumvi aliuliza. "Unaenda kuposa?"

"Mimi nanuka gundi tu, bibi."

Hodi ikabishwa dirishani. Stoo ilikuwa ghorofani.

"Hodi wenyewe," sauti ya kike ilisema taratibu. "Nimemfuata mwanangu. Nguo yake nyeusi, pindo jekundu, na ndani ya fundo mna unywele wangu."

Seremala akalifungua fundo la nguo iliyokuwa mezani, na unywele ukatoka, ukazidi kutoka, mrefu, umelowa, ukakatiza meza, ukateremka, ukajivuta sakafuni kuelekea kitanda cha mtoto, naye mtoto, ambaye tangu Jumapili hakuwa amefumbua macho, akalitazama dirisha na kutabasamu.

"Mama, mpe," Bibi Chumvi alinong'ona. "Ameieleza. Kanuni ni kanuni."

"Mama yake alimweka nadhiri kwangu," sauti ikasema, "kisha akamkimbizia kwenu."

"Basi alijua pa kukimbilia," Mama Mkuu alijibu. "Wewe ulimzaa, au ulimlea?"

Unywele ukagusa mguu wa kitanda.

"Nimekuuliza."

"Kanuni yenu haiulizi hivyo."

"Kuanzia leo inauliza."

Akafunua pasi ya mkaa iliyokuwa ikiwaka mezani, akaishindilia nguo ndani pamoja na unywele ule, akafunika. Ukelele ukapita ukutani, kwenye dari, kwenye meno yao.

"Nitachukua mwingine wa nyumba hii!"

"Watoto wote ni wa nyumba hii, na sina hata mmoja wa kukupa. Kama huwezi kurudi mikono mitupu, mimi hapa. Lakini nakuonya, utapata mifupa tu."

Dirisha likajifunga kwa kishindo, bawaba zikiwa bado mkononi mwa seremala.

Harufu ikakatika. Mtoto akalia njaa kama watoto wote, na Bibi Chumvi, akilia naye, akamnywesha maziwa. Jioni ile Mama Mkuu aliwatangazia watawa wenzake swali jipya la kuuliza langoni. Hakutaka majadiliano.

Mama Mkuu alifariki kesho yake, Jumatano asubuhi, chumba chake kikinuka udi.