Mkoba wa Shilingi Nne

Kila asubuhi Nyamvula aliteka maji kisimani mara tatu, akafagia uwanja, akamsaidia mama yake kumenya mihogo, kisha akatumwa kwenda kununua kitu. Kazi tatu za mwanzo alizifanya kwa sababu aliamriwa. Ya nne aliipenda.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu wazima wengi wa Likoni hawakumfikia kwa kuteta bei. Akiambiwa kipande cha papa ni senti thelathini, alitaja kumi na tano, akageuka kwenda zake, akaitwa, akarudi, na mwisho akaondoka nacho kwa ishirini, na ndimu mbili za bure juu yake. Muuza samaki mmoja kila akimwona kwa mbali aliwaambia wenzake, "Leo sina biashara. Nina Nyamvula."

Nyumbani jambo hilo lilikuwa na faida. Ilikuwa mwaka 1946. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo, sukari na mafuta vilikuwa bado adimu, na kila kilichopatikana kilikuwa ghali. Mama yake, Bi Mwanasaumu, aliuza mihogo iliyolimwa na baba yao, na kila senti iliyookolewa ilikuwa na kazi. Basi Nyamvula akasifiwa. Kwa kusifiwa huko akaanza kuamini kwamba mtu anayelipa bei ya kwanza ni mjinga.

Dada yake, Mwanarehema, alikuwa ameposwa na kijana wa Mtongwe. Harusi ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Machi, kabla mvua za masika hazijaharibu njia. Katika jamaa zao, bibi harusi huingia nyumbani kwa mumewe akiwa na mkoba mpya mkononi, na ndani yake mna udi, marashi, wanja na chanuo. Wanawake wa upande wa mume humpokea mlangoni, na mkoba huo huukagua kabla hawajamkagua yeye.

Si kila mkoba ulifaa. Kwa shilingi moja ulipata popote mkoba wa miyaa, yale majani ya mkindu. Lakini ule uliosifiwa ulisukwa na mwanamke mmoja tu, Bi Mwanatabu wa Bofu. Miyaa yake aliichana nyembamba, akaitia rangi, akasuka ukili, utepe mrefu wenye mistari ya nakshi za vijicho vyekundu na vyeusi, na alipoushona kuwa mkoba hukuona uzi ulipopita. Wanawake walivuka kwa feri kutoka kisiwani kuja kuagiza. Mkoba mmoja ulimchukua siku nane. Bei yake ilikuwa shilingi nne, nusu ukiagiza na nusu ukichukua, kwa maana hiyo nusu ya kwanza ndiyo iliyonunua miyaa na rangi.

Wiki tatu kabla ya harusi, mama yake alimwita.

"Nyamvula."

"Abee, mama."

"Chukua shilingi nne hizi. Nenda Bofu kwa Bi Mwanatabu, ukamwagizie mkoba dada yako. Lipa zote kabisa, tusibaki na deni siku za harusi."

"Nne zote, mama? Nikimwambia tatu?"

"Usimwambie tatu. Usimwambie tatu na nusu. Mpe nne, mshukuru, rudi nyumbani."

Nyamvula akazifunga pesa katika pindo la leso yake, akashika njia. Karibu na Bofu akakutana na Nyevu, rafiki yake, ambaye kwao palikuwa ubavuni mwa nyumba ya Bi Mwanatabu. Nyevu alijua mambo yote ya pale, na yale asiyoyajua aliyauliza.

"Shilingi nne?" Nyevu akasema. "Ndiyo maana mihogo yenu haiwatajirishi. Ndani mle kuna mkoba umetundikwa tangu Januari. Aliuagiza mke wa karani mmoja wa Port Reitz, akalipa nusu, kisha hakuonekana tena."

"Si wake huo?"

"Ni wake mpaka masika. Bi Mwanatabu amesema hataki mkoba ulale ndani wakati wa mvua ukaota ukungu. Mawingu yakitanda, anautoa kwa shilingi mbili. Nusu amekwisha kuila, anatafuta nusu iliyobaki tu."

Nyamvula alipiga hodi, akaamkia, akakaribishwa. Mkoba ulikuwa pale ukutani, mpya, mzuri, vijicho vyake vimepangika sawasawa. Aliutazama muda mrefu.

"Unataka nini, mwanangu?" Bi Mwanatabu akamwuliza bila kuinua macho katika kazi yake. Alikuwa mama mnene, mwenye maneno machache.

"Nilipita tu kukuamkia, bibi."

"Haya. Umekwisha kuniamkia."

Njiani kurudi alipiga hesabu. Hakukusudia kuziiba zile shilingi mbili. Alikusudia kuziweka mpaka siku ya harusi, kisha azitoe mbele ya shangazi zake wote na kusema, "Mama, chenji yako." Alikwisha kuyasikia masikioni maneno watakayosema.

"Umempa?" mama yake akauliza.

"Nimempa."

"Zote?"

"Zote, mama."

Uongo huo wa kwanza ulikuwa mfupi, lakini ulidai kulishwa. Baada ya siku nne Mwanarehema akamwuliza mkoba umefika wapi, naye akajibu kwamba rangi imekwisha kutiwa. Wiki ya pili akasema ukili unasukwa. Mwanarehema akataka kujua vijicho ni vya mistari mingapi, Nyamvula akasema mitatu, kwa kuwa ule wa ukutani ulikuwa na mitatu. Mwanarehema alifurahi. Aliingia ndani akavitoa udi na chanuo, akavifunga katika kitambaa, tayari kutiwa humo.

Kila siku ya pili Nyamvula alitafuta sababu ya kupita Bofu na kuchungulia. Mkoba ulikuwepo. Kila jioni alitazama mbingu. Zilikuwa safi.

Jumapili, siku tano kabla ya harusi, alfajiri iliingia na mawingu mazito. Nyamvula hakungoja hata uji. Alikwenda Bofu akitembea na kukimbia, shilingi nne zikiwa pindoni.

Kibarazani kwa Bi Mwanatabu aliwakuta wanawake wanne wameketi kwenye mkeka. Kila mmoja alikuwa akimwuliza mwenyeji habari za mwili wake.

"Mimi nilikuwa nakwenda kwa mkwe wangu," mmoja alisema, "nikaona si vizuri kupita bila kukujulia hali."

"Na mimi mgongo wako ulikuwa unanitia wasiwasi," akasema mwingine.

"Mgongo wangu mzima," akasema Bi Mwanatabu. "Toka mwaka jana hamjauliza mgongo wangu, na leo mmeuuliza wanne kabla jua halijachomoza. Mkoba haupo. Mwenyewe amemtuma mtu jana jioni, amelipa nusu yake na kuuchukua. Karani alikuwa mgonjwa, sasa amepona."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akakohoa. Kisha wakakumbuka shughuli zao, wakaaga, wakaondoka mmoja mmoja. Nyamvula alibaki amesimama uwanjani.

"Na wewe," Bi Mwanatabu akasema, "mgongo wangu umekwisha kukuambia. Mbona huendi?"

"Bibi, nataka kuagiza mkoba. Ninazo nne zote."

"Wa lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumapili. Mkoba siku nane. Huko kwenu hawajui?"

"Wanajua. Mama anadhani uliuanza wiki mbili zilizopita." Kisha akasema lililobaki. "Nilimwambia nimekulipa. Nilikuwa naungoja ule wa ukutani."

Bi Mwanatabu aliweka kazi yake chini. Hakukasirika, wala hakumwonea huruma.

"Nenda kamwite mama yako," alisema. "Mimi sipatani na mtoto juu ya mambo ya harusi."

Safari ile ya kurudi Likoni ilikuwa ndefu kuliko zote. Nyamvula alifika, akafungua pindo, akaziweka shilingi nne mbele ya mama yake na kueleza yote, Mwanarehema akiwa palepale. Mama yake hakumpiga. Alizitazama pesa, akanyanyuka, akavaa buibui lake.

Mwanarehema ndiye aliyesema. "Wallahi, Nyamvula, ungeniambia tu. Ningekwenda kwa wakwe zangu na mkoba wa shilingi moja na nisione haya. Lakini nimekwisha kuwaambia unatoka Bofu. Kwa maneno yako nimewaambia. Sasa wataniona mwongo kabla sijaingia mlangoni."

Kwa Bi Mwanatabu, mama yake hakutafuta maneno ya kumsitiri mtoto. Alisema mambo yalivyokuwa, kisha akasema, "Nitakuongezea shilingi moja kwa haraka hii."

"Sitaki tano," Bi Mwanatabu akajibu. "Nikipokea tano leo kwa kuwa wewe una shida, kesho mwingine atataka nimpe kwa tatu kwa kuwa mimi nina shida. Bei ni nne. Kazi yangu peke yangu ni siku nane. Nikipata mikono miwili mingine, labda siku tano. Niachie huyu. Aje alfajiri, aondoke magharibi."

Hivyo ndivyo Nyamvula alivyojua kilichomo ndani ya shilingi nne. Jumapili na Jumatatu alichana miyaa. Kila mwaa ulichanwa kwa ncha ya sindano kuwa chane nyembamba zenye upana mmoja, na zilizopishana kidogo zilitupwa. Vidole vyake vilikatika mahali pengi. Kisha alichochea moto chini ya chungu cha rangi, moshi ukimwingia machoni, akazigeuza chane ili zisishike rangi upande mmoja. Jumanne Bi Mwanatabu alimpa asuke ukili wa kitako cha mkoba, usio na nakshi, naye mwenyewe akasuka wa vijicho. Nyamvula alisuka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bi Mwanatabu akaupokea, akauvuta, akaurudisha.

"Fumua."

"Bibi, huu si wa chini? Nani atauona?"

"Shilingi nne zina chini pia. Fumua."

Akafumua. Mara ya pili akafumua nusu. Mara ya tatu Bi Mwanatabu akauvuta, akauweka upande wake, na Nyamvula akaelewa kwamba umekubaliwa. Nje mvua ya kwanza ilinyesha, ikaacha. Iliwabidi wafanye kazi karibu na jiko ili miyaa isinywe unyevu, nao walitoka jasho wote wawili.

Alhamisi alasiri, Bi Mwanatabu akiwa anashona, tabia ya Nyamvula ikamshinda.

"Bibi, na mimi nimesuka. Hizo nne bado ni nne?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, Bi Mwanatabu alicheka, tena alicheka sana. "Nikizihesabu chane ulizoharibu," akasema, "hizo nne zitakuwa tano. Nishikie hapa, usinitikise."

Mkoba ulikamilika magharibi ilipokuwa ikiingia. Mama yake Nyamvula alikuja kuuchukua mwenyewe, akalipa.

Ijumaa Mwanarehema aliolewa. Mlangoni, huko Mtongwe, shangazi ya bwana harusi aliupokea mkoba, akaugeuza juu chini, akapitisha kidole penye mshono, akakitazama kitako kwa muda mrefu. Nyamvula, aliyekuwa nyuma ya wanawake wa kwao, alinyoosha shingo apate kuona. Shangazi yule akawaambia wenzake, "Wa Bofu huu," akamshika bibi harusi mkono na kumwingiza ndani. Vigelegele vikafuata.

Waliporudi, Nyamvula alitembea pamoja na mama yake nyuma ya wengine. Njia ilikuwa na matope. Kwa siku tano mama yake hakuwa amemsemesha ila kwa kazi. Sasa alianza, kwa sauti ya kawaida.

"Sikukukataza kuteta bei, wala sitakukataza. Mtu akitaja thelathini huku anajua atauza ishirini, mteteane mpaka mchoke. Lakini yuko anayetaja nne kwa kuwa kazi yake ni nne. Huyo umlipe, au umwache na kazi yake. Sasa umejua mwenyewe, sina haja ya kukueleza."

"Ndiyo, mama."

"Na kungoja bei ishuke si kosa. Wale wanawake wanne walingoja, wakakosa, wakarudi kwao kupika. Hawakupoteza kitu kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiutegemea mkoba ule. Sisi tuliutegemea. Kitu usichoweza kukikosa hukingojei kishuke bei. Ungekuja ukaniambia, 'Mama, nataka kungoja,' ningekwambia hivyo, na yangekwisha siku ileile."

Mama yake akapandisha buibui kuliepusha na matope, wakapita dimbwi, kisha akaendelea.

"Lakini wewe ulisema umelipa. Wiki mbili dada yako alilala akiota mkoba ambao haujaanza kusukwa, na mimi nikawaambia watu neno lisilo la kweli bila kujua. Bi Mwanatabu alikupa siku tano ukaurudisha mkoba. Wiki hizo mbili ulizotudanganya, hakuna mtu wa Bofu anayeweza kukusukia. Hizo utazirudisha mwenyewe, kwa kusema kweli, siku moja baada ya nyingine, mpaka nitakapokutuma tena mahali na nisiulize mara mbili."