Hiyo "Kama" Yako

Duka la dawa lilifurika watu jioni ile. Mwalimu wa fasihi, shati kalikunja mpaka viwikoni, akafika dirishani sauti imemkauka.

"Koo, dada. Kama nimemeza mchanga."

"Kama umemeza, au umemeza?" mfamasia akamuuliza, koti lake jeupe pee, macho yamejaa utundu. Foleni nzima ikacheka.

Mwalimu akasahau ugonjwa. "Ukiweka 'kama' ni tashbiha. Ukiitoa ni sitiari. Nimeshinda nikifundisha mashairi ya mapenzi."

"Haya, bwana tashbiha. Meza vidonge, ufunge mdomo."

Angefunga wapi! Kesho yake tu akapiga simu, namba kaitoa kwenye mfuko wa dawa. Wakazoeana, wakapendana.

"Wewe ni kama mwezi," alimwambia siku moja kwenye simu.

"Mwezi una mabaka, mpenzi."

"Basi kama upepo wa asubuhi."

"Toa hiyo kama, nikuone."

Hakuitoa. Jamani, mtu anajua taswira zote za washairi, mwezi, maua, mawimbi, halafu anashindwa kusema neno moja! Dada wa watu alichotaka ni kuitwa mke, basi. Miaka ikapita. Siku alipopelekwa kwa shangazi wa mwalimu, mfamasia alivaa gauni la bluu, akijua neno hilo atalisikia leo.

"Na huyu ni nani, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Huyu... ni kama mke wangu, shangazi."

Mfamasia akachukua mkoba wake. "Umenifundisha mwenyewe," akasema taratibu. "Kinachofananishwa na kitu, sicho."

Mwalimu alipiga simu, haikupokelewa. Badala ya kumfuata akanuna, eti atarudi mwenyewe. Kiburi kitupu! Mwaka ukakatika, upweke ukamtafuna, ndipo akaenda dukani. Akapanga foleni hadi dirishani.

"Wewe ni mke wangu," akasema mbele ya wateja wote. "Bila kama."

Machozi yakamlengalenga mfamasia. Akainua mkono wa kushoto. Kidoleni palikuwa na pete.

"Nimeolewa mwezi uliopita."

"Kama ningesema siku ile..."

"Hiyo ni 'kama' nyingine, mpenzi," akamkatiza, akijifuta kwa mkono wa koti. "Hiyo hukunifundisha."

Sauti ya mwalimu ilikuwa imekauka tena. Mfamasia akamsogezea vidonge vya koo, akaitazama foleni nyuma ya mwalimu.

"Nani anafuata?"