Kifuniko cha Soda na Miti ya Nzau

Kwa Mutheu, pale Gatuanyaga, kila mmea hulishwa. Mahindi hupata samadi ya mbuzi. Pojo hupata. Hata mpapai ulioota wenyewe karibu na choo hupata. Kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni kunaning'inia kifuniko cha soda, kimetobolewa na kufungwa uzi. Hicho ndicho kipimo cha DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia. Kila shimo, kifuniko kimoja. Mama yake alimfundisha hivyo, na majirani wote hufanya hivyo. Ukipanda bila kifuniko, watu watakuuliza kama umechoka na shamba.

Mutheu ni mjane. Anaishi na binti yake Ndanu, ambaye hushona nguo mjini Thika, kule Kamenu, na kurudi nyumbani jioni. Wana mbuzi wachache, na wana mizinga ya nyuki. Asali ndiyo inayowashikilia wakati mvua inapokataa.

Nyuma ya mizinga, penye mawe na changarawe, kulikuwa na miti mitatu isiyopatikana kwa jirani mwingine yeyote. Haikuwa mirefu, ilimpita mtu kidogo tu. Majani yake yalikuwa magumu, yenye meno kama msumeno. Maua yake ya rangi ya chungwa yalisimama wima, na kila moja lilikuwa nene kama hindi. Mti huo unaitwa banksia, na kwao ni Australia. Nzau, mume wa Mutheu, alipata miche alipokuwa kibarua kwenye shamba moja la maua. Shamba lilipoacha kukuza maua hayo, wafanyakazi waliambiwa wachukue miche wakitaka. Wenzake walicheka. Yeye alichukua.

Uzuri wa miti hiyo ni kwamba ilichanua kiangazi, wakati kila kitu Gatuanyaga ni vumbi. Nyuki walijaa kwenye maua. Ndege wadogo wanaoitwa chozi, wenye midomo iliyopinda, walikuja kunyonya utamu na kugombana kutwa nzima. Nzau alipenda kukaa kwenye jiwe moja hapo na kikombe cha chai, akiwatazama.

"Hii wachana nayo," alimwambia Mutheu kila alipomwona na ndoo ya samadi. "Haitaki kubembelezwa."

Hakueleza zaidi. Nzau alikuwa mtu wa maneno machache, na mengine alikwenda nayo kaburini.

Baada ya mazishi, Mutheu aliona aibu kuiacha miti ya mumewe ikae na njaa. Muasya, mdogo wa Nzau, alimtia moyo. Muasya alikuwa bwana shamba wa kujiteua. Hakuwahi kuulizwa swali akakosa jibu.

"Shemeji, hiyo miti imebaki yatima," alisema. "Ipe chakula."

Basi Mutheu aliipa. Alichimba kuzunguka shina kwa jembe, akaweka samadi, akaongeza DAP. Baada ya muda majani yakaanza kuwa ya manjano, na kingo zake zikakauka kama zilizopitiwa na pasi ya moto.

"Umanjano ni njaa," alisema Muasya. "Ongeza."

Mutheu akaongeza. Mti wa kwanza ukafa. Akaogopa, akaizidishia iliyobaki chakula. Wa pili nao ukafa. Kiangazi kilichofuata, nyuki wa mzinga mmoja wakahama. Ukabaki mti mmoja tu, na huo nao ulianza kugeuka rangi. Mutheu alikuwa akiamka na kwenda kuutazama hata kabla ya kuwasha moto. Aliona kama anamzika Nzau mara ya pili.

Ndanu alitoa wazo. "Mwaitu, si tupande mbegu? Huu ukikufa, tubaki na mwingine."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Wazo lilikuwa zuri, lakini mbegu zilikuwa wapi? Ua la banksia likikauka huacha kitu kama gunzi la mahindi. Kwenye gunzi hilo hutokeza vifuko vigumu kama mbao, kila kimoja kimefumba midomo yake. Mbegu zimo humo ndani. Magunzi yaliyobaki mtini yalikuwa machache, na mengine yalikuwa ya miaka mingi, bado yamefumba.

Mutheu alizika gunzi moja zima, akalimwagilia maji. Halikuota. Ndanu alichukua jingine na nyundo. Alilipiga mpaka likapasuka, na mbegu zikapasuka pamoja nalo.

Siku moja kabla ya mvua za masika, jirani yao Wakonyo alibisha hodi. Wakonyo, ambaye watu humwita Mama Kui, alikuwa amehamia hapo karibuni. Kazi yake ni kukuza miche kwenye nasari moja huko Juja.

"Mama Ndanu, uko?"

"Niko, Mama Kui. Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Asante. Nimekuja kuomba wilbaro." Wakonyo akageuka, akauona ule mti. "Haiya! Si hii ni banksia? Umeitoa wapi?"

"Ni ya mzee wangu. Ilikuwa tatu. Sasa hata hii inakufa na mimi sijui kwa nini. Naipatia kila kitu."

Wakonyo alichuchumaa. Alishika jani, akaligeuza. Kisha akafukua udongo kwa kidole, akaokota chembe za mbolea.

"Kila kitu ni kama nini?"

"Samadi. Na DAP."

"Sasa hiyo ndiyo inaiua, Mama Ndanu."

Mutheu alikasirika kidogo. "Kuna mti haukuli?"

"Unakula, lakini si kama mahindi. Huko kwao udongo ni maskini sana. Kwa hivyo umezoea kutafuta chakula kidogo kidogo. Ona hapa." Wakonyo alimwonyesha vizizi vyembamba kama nywele, vimejikusanya juu juu ya udongo. "Kazi ya hivi ni kufyonza kila kitu kinapita. Ndani ya DAP kuna kitu inaitwa fosforasi. Mahindi inaipenda. Lakini banksia haijui kusema imeshiba. Inafyonza tu, mpaka inakuwa sumu. Hata samadi iko na hiyo fosforasi. Na jembe nalo linakata hivi vizizi."

Mutheu alikumbuka yale maneno ya Nzau: haitaki kubembelezwa.

"Kwa hivyo ni mimi niliua miti ya Nzau," alisema.

Wakonyo hakumdanganya. "Mbolea ndiyo iliua, na wewe ndiye uliweka. Lakini hukuweka kwa ubaya. Na huu mmoja bado uko hai."

Mutheu alikaa kwenye jiwe la mumewe, akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pia. Alimkasirikia Muasya kwa kusema mengi, na Nzau kwa kusema machache. Alijikasirikia yeye mwenyewe kwa kutouliza. Wakonyo alimngojea mpaka akamaliza.

"Utapona?" Mutheu aliuliza akijifuta macho.

"Siwezi kukuahidi. Tutoe hii mbolea kwa mkono, tumwage maji mengi, tuweke majani makavu juu, halafu tuungojee. Lakini kitu ya muhimu saa hii ni mbegu. Magunzi yako wapi?"

Ndanu, ambaye hakuwa kazini siku hiyo, alicheka kidogo. "Aunty, hizo zimetushinda. Mwaitu alizika moja kama muhogo. Mimi nikatumia nyundo."

"Ikawa nini?"

"Ikawa unga."

Wakonyo naye akacheka. "Hii haifunguki kwa nguvu. Inataka moto."

"Moto?" Mutheu aliinuka kwenye jiwe.

"Eeh. Huko kwao msitu hushika moto. Mti mzazi unaweza kuungua wote. Lakini mbegu zimefungiwa ndani ya mbao, haziungui haraka. Moto ukipita, vifuko vinaachama. Mvua ikija, mbegu zinaanguka kwa jivu na kuota. Mti unaweka watoto wake ndani mpaka hatari ipite."

Waliyatoa magunzi yaliyokomaa. Ndanu akawasha jiko la makaa. Mutheu aliyashika magunzi kifuani, hakutaka kuyaachilia.

"Na yakiungua?"

"Yakikaa sana, yataungua," alisema Wakonyo. "Kwa hivyo tutasimama hapa hapa. Yakianza kuachama, tunatoa."

Mutheu mwenyewe alichukua koleo. Aliweka gunzi la kwanza juu ya wavu, akaligeuza pole pole. Manyoya ya ua kavu yaliyolizunguka yakaungua, na moshi ukawaingia machoni. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha wakasikia ta! Kifuko kimoja kikaachama. Ta! Kingine.

"Toa sasa!" alisema Wakonyo.

Waliyatia magunzi kwenye ndoo ya maji, kisha wakayaanika juani. Vifuko vilivyobaki vigumu wakavilowesha tena na kuvianika tena. Mwishowe mbegu zikatoka, nyeusi na nyembamba, kila moja na bawa kama la kumbikumbi. Ndanu aliziweka kwenye kiganja, akaziba pua ili asizipeperushe.

Walizipanda kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Walitia mchanga wa mtoni uliochanganywa na changarawe. Hawakutia samadi hata chembe. Wakonyo aliwaonya wasizamishe mbegu chini sana, na wasimwage maji mpaka udongo uwe tope. Wiki zikapita, na Mutheu akaanza kukata tamaa. Kisha asubuhi moja alikuta vijani viwili vimesukuma mchanga juu. Alimwita Ndanu kwa sauti mpaka mbuzi wakashtuka.

Miche ilipofika urefu wa kidole, Muasya alikuja kuwasalimia. Aliiona, akasikitika.

"Shemeji, hii imekonda sana."

Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshatoa kifuniko kwenye msumari na kuchota DAP kwenye gunia. Mutheu alimfikia mkono ukiwa juu ya pakiti ya kwanza, akaushika.

"Muasya, rudisha."

"Mti bila mbolea? Hata mtoto mchanga si unampa chakula?"

"Unampa maziwa. Unaweza mpa muthokoi, ati kwa sababu wewe mwenyewe unaipenda?"

Muasya alijua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Tumbo la mtoto mchanga haliwezi. Alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza akalikosa. DAP ikarudi kwenye gunia.

Mti wa zamani haukupona. Ulipigana mwaka mzima, ukachipuka upande mmoja, kisha ukakauka. Lakini ulikuwa na magunzi mabichi ambayo hawakuwa wameyachuma. Tawi lilipokufa, vifuko vyake vilifunguka vyenyewe bila moto, na Ndanu akaokota mbegu chini yake. Wakonyo aliwaambia kwamba hivyo ndivyo ulivyo, mti ukifa huachilia watoto wake. Mutheu aliposikia hayo alienda kukaa peke yake kidogo kwenye jiwe.

Miche waliihamishia kwenye mawe, mahali palepale. Waliweka majani makavu juu ya udongo, na magugu wakayang'oa kwa mkono. Ilichukua miaka kabla ya ua la kwanza kutokea. Lilitokea kiangazi, kama zamani. Nyuki walikuwa juu yake asubuhi hiyohiyo. Baadaye wakaja chozi, wakagombana kama kawaida yao, na mmoja akaning'iniza kiota kwenye tawi. Kiangazi hicho hakuna mzinga uliohamwa. Asali ya kwanza waliyoirina, chupa moja ilienda kwa Wakonyo.

Muasya alikuja wiki hiyo. Alikuwa mpole kuliko kawaida.

"Shemeji, nyuki zangu zimehama zote. Naomba mche mmoja."

"Nitakupa miwili," alisema Mutheu. "Lakini nipe kwanza kifuniko chako."

"Kifuniko gani?"

"Kile cha DAP. Kitakaa kwangu."

"Na mahindi yangu nitapanda na nini?"

"Ukitaka kupanda mahindi, utakuja kukiomba."

Soda haijaisha Gatuanyaga, na Muasya angeweza kupata kifuniko kingine siku hiyohiyo. Lakini alitazama miti ya kaka yake ikiwa imejaa ndege, akarudi nyumbani, akakileta.

Siku hizi kwenye msumari wa Mutheu kunaning'inia vifuniko viwili. Kila masika Muasya huja kuomba chake. Mutheu hukishika mkononi kwanza, na kumuuliza anakwenda kupanda nini.