Saa za Ndege ya Abdullahi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sadiya alimchemshia bibi yake chai ya maziwa ya ngamia. Alhamisi ile hakukuwa na wa kuchemshiwa. Akko, kama walivyomwita bibi huyo, alifariki alfajiri, na nyumba yao katika mtaa wa Bulapesa ilijaa watu wanaozungumza kwa sauti ya chini.

Waislamu huzika mapema. Lakini kitindamimba wa Akko, Abdullahi, alikuwa safarini kutoka Minneapolis, Marekani. Aliposikia mama amezidiwa, alipanda ndege jana yake, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Kenya.

"Atafika lini?" baba yake Sadiya aliuliza, macho mekundu.

Sadiya, bingwa wa hesabu darasani, alitafuta umbali kwenye simu ya baba: kilomita elfu kumi na tatu hivi. Ndege huenda kilomita mia tisa kwa saa. Akagawanya.

"Ni saa kumi na nne na nusu. Atatua Nairobi saa mbili na nusu asubuhi. Kwa gari ni mwendo wa saa tano, kwa hiyo saa saba na nusu mchana yuko hapa."

Wazee walimsifu. Wakaamua mazishi yangoje hadi alasiri, mwana amwone mamake.

Godana, mjomba wa baba, mfugaji wa Sericho, ndiye pekee aliyekuna kichwa. "Wewe mtoto, sisi tukileta ng'ombe kutoka Sericho hatuhesabu mwendo peke yake. Tunahesabu na visima. Hiyo ndege inasimama wapi?"

Wachache walitabasamu. Sadiya alitoka nje, akaifungua tiketi ambayo Abdullahi alikuwa ameituma kwenye simu ya baba. Ndege ilitua Ulaya. Angekaa huko kwa muda wa saa tisa akingoja nyingine, kisha atue Nairobi saa mbili usiku.

Akinyamaza, watu watadhani amecheleweshwa na barabara. Akisema, baba mdogo anayempenda hatamwona mamake tena. Lakini Akko mwenyewe aliwausia, "Nikifa, msinicheleweshe."

Alirudi ndani, akasimama mbele ya wazee wote. "Baba, nimekosea. Nilihesabu umbali tu, tiketi sikuifungua. Baba mdogo hawezi kufika leo."

Baba aliisoma tiketi mara mbili. "Basi tutamzika adhuhuri," alisema.

Saa mbili usiku Abdullahi alipiga simu kutoka Nairobi. Baba alimweleza. Walimsikia akilia, kisha akasema, "Mmefanya vyema. Nilijua tangu jana kwamba sitawahi. Nilikosa moyo wa kuwaambia."

Baba aliiweka simu chini, akamvuta Sadiya karibu.

"Hata mimi tiketi ile niliiona, nikaogopa kuifungua. Sisi watu wazima tuliukimbia ukweli, wewe ndiye uliyetuletea. Kukosea hesabu si aibu, mwanangu. Aibu ni kujua umekosea, ukawaacha wanaokuamini wakingoja."

Ndipo Sadiya alipolia, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.